Njia ya Manesi: Kutoka Shangani hadi Mbweni

Mwaka 1860, katika Hospitali ya St Thomas' ya London, Florence Nightingale alifungua skuli ya kufundishia wauguzi kwa wanafunzi 15. Mwezi wa Disemba mwaka huohuo, padri Mfaransa Armand Fava aliteremka Unguja akitokea kisiwa cha Réunion, na katika msafara wake walikuwamo masista wa shirika la Mabinti wa Maria. Habari ya kwanza anaisoma kila mwanafunzi wa uuguzi. Ya pili wanaijua wachache, hata miongoni mwa wanaopita Shangani kila siku.

Masista wale wanastahili kutajwa mwanzo. Shirika lao lilikuwa changa, limeanzishwa Réunion mwaka 1849, mara tu baada ya Ufaransa kufuta utumwa katika makoloni yake, na milango yake ilikuwa wazi kwa wanawake waliotoka utumwani. Kwa hiyo katika mji ambao soko la watumwa lilikuwa bado likinadi watu mchana kweupe, hospitali ndogo ya misheni pale Shangani ilihudumiwa na shirika lililowapokea watu kama hao na kuwavisha nguo za utawa. Waliosha vidonda, walilisha wagonjwa na walikesha nao. Jina la Fava limo vitabuni. Majina ya masista ni nadra kuyakuta.

Nimeifuata njia iliyoanzia hapo, njia ya mafunzo ya wauguzi na ya wasaidizi wa madaktari wa meno katika Unguja, kwa sababu historia ya tiba ya kisiwa hiki imezoea kusimuliwa kwa majina ya majengo na ya wenye fedha. Tunawajua waliojenga, na madaktari tunawajua pia. Mikono iliyobadilisha bandeji hatuijui, wala hatuulizi ilijifunzia wapi.

Wala isidhaniwe kwamba kabla ya meli ya Fava Unguja haikuwa na wajuzi wa kuuguza. Kila mtaa ulikuwa na mkunga wake. Palikuwa na wapiga chuku, wakandaji, wajuao dawa za mizizi na majani, na ujuzi wao ulipitishwa kwa kukaa karibu: binti alifuatana na bibi yake, akabeba mkoba, akachemsha maji, akatazama, mpaka siku moja akaachiwa mzazi mikononi mwake. Hayo yalikuwa mafunzo kamili, yenye miaka mingi ya mazoezi na mtihani mkali kuliko wowote. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, ameeleza namna maradhi yalivyotibiwa majumbani mwa wakubwa na jinsi ilivyokuwa vigumu kwa daktari mwanamume kumtazama mgonjwa wa kike. Jambo hilo tuliweke akilini, maana litatukuta tena katika hospitali ya Mnazi Mmoja.

Miaka 9 baada ya masista kufika, kipindupindu kiliingia. Mlipuko wa 1869 na 1870 uliua maelfu ya watu kisiwani, na daktari Mskoti James Christie, aliyekuwa akifanya kazi mjini, aliufuatilia nyumba kwa nyumba, kisima kwa kisima, na baadaye akaandika kitabu kizima juu ya njia za maradhi hayo Afrika Mashariki. Kitabu hicho cha 1876 kinaheshimika mpaka leo. Lakini mgonjwa wa kipindupindu haponywi na ramani. Anahitaji mtu wa kumpa maji kijiko baada ya kijiko usiku kucha, kumwosha na kumgeuza. Kazi hiyo waliifanya akina mama, wake, watumwa wa nyumbani na majirani, bila kufundishwa namna ya kujikinga, na wengi wao walikufa kwa kuwashika waliowapenda.

Kutoka Shangani nilipita Forodhani, nikaifuata barabara ya Mizingani mpaka Malindi, mbele ya jengo lenye roshani za mbao zilizonakshiwa kwa rangi ya kijani. Hili ndilo tunaloliita Zahanati Kongwe. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887 na Tharia Topan, tajiri wa Kiismailia aliyekuwa msimamizi wa forodha za Sultani, kwa kuadhimisha miaka 50 ya utawala wa Malkia Victoria. Alikusudia liwe hospitali ya masikini. Alifariki mwaka 1891 kabla halijaisha, na mjane wake ndiye aliyelikamilisha. Hospitali ile iliyokusudiwa haikuwa. Jengo likauzwa, likawa zahanati chini na nyumba za kupanga juu, likachakaa, hata likafanyiwa ukarabati na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni katika miaka ya 1990.

Nalipenda jengo hili, na nia ya mwenyewe naiheshimu. Hata hivyo linanionyesha jambo ambalo njia nzima inalirudia: Unguja haijakosa watu wa kujenga. Chokaa, mawe na mbao za kuchonga vilipatikana hata zama zile za shida. Kilichochukua muda mrefu zaidi ni kuwapata watu wa ndani ya jengo.

Mkunazini jambo hili linaonekana wazi zaidi. Soko la watumwa lilifungwa kwa mkataba wa Juni 1873 baina ya Sultani Barghash na Waingereza, na Siku ya Krismasi mwaka huohuo Misheni ya Vyuo Vikuu ikaweka jiwe la msingi la kanisa kuu juu ya uwanja ule. Edward Steere, bingwa wa Kiswahili aliyekuja kuwa askofu, ndiye aliyelisimamia. Pembeni mwa kanisa misheni ilijenga hospitali, na jengo hilo leo ni hosteli ya St Monica. Wageni hushushwa chini yake, kwenye vyumba vifupi visivyo na hewa, wakaambiwa kwamba humo ndimo watumwa walimosukumwa kusubiri mnada. Wapo wanahistoria wanaopinga, wakisema vyumba vile vilijengwa pamoja na hospitali, baada ya soko kufungwa, na kwamba vilitumika kuhifadhi dawa. Ukatili wa soko lenyewe haubishaniwi na mtu, wala haupungui kwa ubishi huo. Ninalosikitika ni kwamba mgeni anapanda ngazi, anatoka nje, bila kuambiwa lolote juu ya sakafu za juu, ambako kwa miongo mingi manesi wa misheni walipokea wagonjwa na kuwafundisha vijana wa Kiafrika kazi ya wodi.

Mafunzo hayo ya misheni hayakuwa na mtaala wa kurasa nyingi. Mwanafunzi alianza kwa kufagia na kuchemsha vyombo. Alijifunza kusoma kipimajoto, kuhesabu mapigo ya moyo, kutandika kitanda mgonjwa akiwa juu yake, kufunga kidonda kisiguse mkono mtupu. Aliyeonekana ana mkono mwepesi na moyo wa subira alipandishwa. Wengi wa waliofundishwa mwanzo walikuwa watu wa misheni yenyewe, watoto na wajukuu wa walioachwa huru, kwa sababu hao ndio waliokuwa chini ya ulezi wake. Mabinti wa Kiislamu wa Mji Mkongwe na wa Ng'ambo walibaki nje ya mlango huo, na hao ndio waliokuwa wengi.

Hapo ndipo Mnazi Mmoja inapoingia. Hospitali ya serikali ilisimama kusini mwa mji, ikielekea bahari, na katika zama za Waingereza mafunzo rasmi ya uuguzi na ukunga yakawekwa chini ya idara ya tiba. Serikali ilitaka manesi wa Kizanzibari. Akina mama nao walitaka kuhudumiwa na wanawake wenzao, kwa sababu zilezile alizozieleza Sayyida Salme. Hitaji lilikuwapo pande zote mbili, na wasichana hawakuja.

Sababu zake ni rahisi kuzitaja na zilikuwa nzito kuzibeba. Kwanza, nesi lazima ajue kusoma, na skuli ya kwanza ya serikali ya wasichana Unguja ilifunguliwa mwaka 1927 tu. Ilibidi kizazi kizima cha wazazi kishawishiwe kwamba binti anaweza kwenda skuli akarudi na heshima yake. Ualimu ulikubalika mapema, maana mwalimu alifundisha wasichana wenzake, nyuma ya ukuta, mchana. Uuguzi ulidai mambo ambayo mzazi wa wakati ule hakuweza kuyakubali kwa urahisi: binti kulala nje ya nyumba kwa zamu ya usiku, kuvua buibui avae sare, kumshika mwanamume asiye maharimu yake, kumwaga uchafu wa watu wasiomhusu. Katika jamii iliyokuwa na kumbukumbu hai ya utumwa, kazi ya kuosha mwili wa mtu mwingine ilinuka utwana. Naliandika neno hilo nikijua ukali wake. Bila kulitaja hatuwezi kuwaelewa wazazi waliokataa, wala kuwapa haki yao wasichana wa mwanzo waliokubali.

Wasichana hao walikuja kidogo kidogo. Walisaidiwa na mambo ya vitendo: bweni lenye msimamizi mwanamke, wodi za wanawake peke yao, mafunzo ya ukunga ambayo hayakuwalazimu kushika wanaume. Ukunga ndio uliokuwa daraja. Hospitali ya wazazi ya Mwembeladu, upande wa Ng'ambo, ilileta uzazi wa hospitalini karibu na nyumba za watu wa kawaida, na mkunga mwenye cheti akaanza kuitwa kwa heshima ileile aliyokuwa akiitwa mkunga wa mtaa. Jirani alipoona mtoto wa fulani amemwokoa mzazi, hoja ya aibu ilipoteza nguvu yenyewe.

Hospitali ya Mnazi Mmoja nayo ilibadilisha majina. Katika miaka ya 1950 ilipanuliwa kwa mchango wa ukoo wa Karimjee Jivanjee na ikabeba jina lao. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ikaitwa V. I. Lenin. Baadaye ikarudi kuwa Mnazi Mmoja. Kila jina lina zama zake na wafadhili wake. Mapinduzi yaliondoa gharama kwa mgonjwa, lakini pia madaktari wengi na wauguzi waandamizi, waliokuwa Waingereza, Wahindi au Waarabu, waliondoka katika miezi na miaka iliyofuata. Mwaka huohuo wa 1964 ilifika timu ya kwanza ya madaktari kutoka China, na utaratibu wa kuwapokea kutoka jimbo la Jiangsu umeendelea mpaka leo. Ujerumani Mashariki nayo ilileta wataalamu na kuchukua vijana kwenda kusoma.

Daktari Mchina, aliyefika akiwa hajui neno la Kiswahili, alifanyaje kazi wodini? Alifanya kwa kupitia nesi. Nesi ndiye aliyemwuliza mgonjwa maumivu yalianza lini, ndiye aliyejua kwamba mgonjwa anasema ndiyo kwa adabu tu, ndiye aliyekwenda kumwona jamaa nje ili apate ukweli. Katika miaka ile migumu, hospitali ilisimama juu ya watu wa cheti, waliofundishwa hapohapo, kwa lugha yao. Historia rasmi inataja misaada ya nchi rafiki, na ni haki kuitaja. Na manesi hawa je?

Na meno? Hapa njia inakuwa nyembamba, kwa sababu jino limekuwa nyuma ya foleni siku zote. Watu wa Unguja walisafisha vinywa vyao vizuri kwa msuaki uliochunwa ganda, na mti huohuo umesifiwa na Shirika la Afya Duniani. Jino lilipouma, waliweka karafuu. Hilo si jambo la kubezwa. Mafuta ya karafuu, yakichanganywa na unga wa oksidi ya zinki, yamekuwa dawa ya kuzibia jino kwa muda katika kliniki za dunia nzima, na kazi ya kuyachanganya, mpaka yafikie uzito unaotakiwa, imekuwa ya msaidizi wa daktari wa meno. Kwa zaidi ya karne moja visiwa hivi vimeipa dunia karafuu zilizotuliza meno ya Ulaya na Marekani. Vyenyewe vimengoja muda mrefu kupata mtu wa kukaa kando ya kiti cha meno shamba.

Nchi nyingine zilianza mapema. Mwaka 1885 daktari C. Edmund Kells wa New Orleans aliajiri mwanamke wa kumsaidia kazini, jambo lililowafanya wanawake waweze kuja kliniki bila mume au ndugu. Naona udugu kati ya New Orleans ile na Mji Mkongwe: heshima ya mgonjwa wa kike ndiyo iliyofungua mlango wa ajira ya mwanamke. New Zealand ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1921 ilianza kuwafundisha wasichana kuwa manesi wa meno wa skuli, wenye ruhusa ya kuziba na kung'oa meno ya watoto, na mfano huo ukaigwa na nchi nyingi.

Tanzania ilianza kufundisha madaktari wa meno wa shahada Muhimbili mwaka 1979. Tarehe hiyo imechelewa sana, lakini si hiyo inayonishughulisha. Daktari mmoja wa shahada hawezi kufika Makunduchi, Nungwi na Uzini kwa wakati mmoja. Ndiyo maana nchi ilitegemea matabibu wa meno, watu wa stashahada, na wasaidizi wao. Kazi ya msaidizi haionekani mpaka ikosekane. Yeye huandaa koleo na sindano ya ganzi, hushika taa na bomba la kunyonya mate, humtazama mgonjwa usoni wakati daktari anatazama jino. Yeye ndiye anayehakikisha vifaa vimekaa katika mvuke wenye joto la nyuzi 121 kwa dakika 15 kamili, si 10 kwa kuwa foleni ni ndefu. Homa ya ini ya aina B na virusi vya UKIMWI hupita kwenye uzembe wa dakika hizo.

Na ana kazi nyingine, ya maneno. Tangu miaka ya 1980 ilienea Tanzania Bara imani ya meno ya plastiki: kwamba mtoto mchanga anayeharisha na kuwa na homa ana meno mabaya ndani ya fizi, na hayo sharti yachimbwe. Watoto wamepoteza damu, wamepata maambukizo, wengine wamekufa. Mama aliyeogopa hatulizwi na bango ukutani. Anatulizwa na mtu aliyefundishwa, anayezungumza naye kama mtoto wa jirani yake, anayemweleza kwamba kinachouma ni tumbo na dawa yake ni maji ya chumvi na sukari. Programu ya mafunzo isiyomfundisha msaidizi kuzungumza hivyo imemfundisha nusu ya kazi.

Nikaendelea kusini, nikapita Kilimani, penye majumba ya ghorofa yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki na penye Nyaraka za Taifa, hadi Mbweni. Huko nako Misheni ya Vyuo Vikuu ilikuwa imetangulia. Ilinunua shamba mwaka 1871 kwa ajili ya watu walioachwa huru, na Caroline Thackeray, aliyefika mwaka 1877, akaiendesha skuli ya wasichana ya St Mary's kwa robo karne. Wenye kipaji cha kitabu walifanywa walimu, wengine walifundishwa kushona na kufua. Kuta za skuli hiyo bado zimesimama karibu na bahari, zimeshikwa na mizizi.

Katika Mbweni hiyohiyo Serikali ya Mapinduzi iliweka Chuo cha Taaluma za Sayansi za Afya, kilichokusanya mahali pamoja kada zilizokuwa zikifundishwa mbalimbali: wauguzi na wakunga, matabibu, mafundi wa maabara, wafamasia, maofisa wa afya ya mazingira, matabibu wa meno. Mwaka 2016 chuo kiliunganishwa na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Huko Tunguu, Chuo Kikuu cha Zanzibar nacho kinatoa shahada ya uuguzi na ukunga. Ukiingia darasani leo utawakuta wasichana wa hijabu nyeupe kwa wingi, na wanaume pia, na hakuna mzazi anayeulizwa na jirani kwa nini amemwachia mtoto. Huo ni ushindi mkubwa, na haukuletwa na mfadhili.

Muungano na chuo kikuu umeleta hadhi na njia ya kupanda kutoka cheti hadi shahada. Umeleta pia hatari ambayo walimu wa uuguzi wanaijua vizuri: darasa kukua kuliko wodi. Mwanafunzi wa zamani wa Mnazi Mmoja alilala hatua chache kutoka kwa wagonjwa wake. Wa leo hupanda gari kutoka Mbweni kwenda mazoezini, akakuta wenzake wengi wamezunguka kitanda kimoja, na nesi wa zamu, mwenye wagonjwa kupita uwezo wake, hana nafasi ya kumwelekeza kila mmoja. Kwa meno hali ni ngumu zaidi, maana kiti ni kimoja na mdomo wa mgonjwa haukubali wanafunzi watano kwa pamoja.

Katika miaka ya karibuni Serikali imejenga hospitali 10 za wilaya na hospitali ya mkoa ya Lumumba, kwa kutumia fedha zilizotolewa wakati wa UVIKO-19. Kwa kisiwa kilichozoea kila mgonjwa mzito akimbizwe Mnazi Mmoja, hili ni jambo kubwa. Nililonalo la kusema ni kwamba hospitali hizi zifanywe skuli tangu sasa, kila moja iwe na muuguzi mwandamizi na tabibu wa meno ambao kufundisha ni sehemu ya kazi yao, walipwe kwa hilo na wapunguziwe wagonjwa kwa hilo. Hospitali za Kivunge na Makunduchi zimekuwa zikihudumia watu wa shamba kwa miaka mingi. Huko mwanafunzi ataona mengi kwa mwezi kuliko atakayoyaona nyuma ya mabega ya wenzake mjini.

Na liko jambo jingine, dogo kwa gharama. Wauguzi na wakunga waliosoma katika zama za mabweni ya Mnazi Mmoja, na matabibu wa meno wa mwanzo, baadhi yao wako hai, wamestaafu, wanakaa Kikwajuni, Mwanakwerekwe, Bububu. Chuo cha Mbweni kiko karibu na Nyaraka za Taifa. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaweza kutumwa majumbani kwao na daftari na simu ya kurekodia, waandike nani alifundishwa na nani, mwaka gani, wodi gani, na wayapeleke majina hayo Kilimani yakahifadhiwe kwenye rafu moja na barua za mabalozi.